Umenyooka, au umenyooshwa? Somo la vitenzi kwenye usukani



Jumamosi iliyopita niliwaahidi somo la vitenzi vinavyoishia na -ka na -sha, na niliona waliokunja uso. Nawaelewa. Kwa hiyo leo somo tunalitoa darasani na kulipeleka gereji, kwetu hapa Woodbury, ambako baba watoto na kijana wetu wamekuwa wakiunda gari tangu theluji ya kwanza. Mimi hata oili sijui kubadilisha. Lakini kuna jambo lilitokea mwezi wa Aprili, na tangu siku hiyo sijaweza kufundisha vitenzi hivi bila kukumbuka usukani. Kijana amenipa ruhusa nisimulie, kwa sharti nisimtaje jina.

Kwanza gari lenyewe. Ni lile la kujiundia nyumbani: fremu na bodi huja vikiwa vipande, na vifaa vingine unavitoa kwenye gari kuukuu. Jambo hili si geni. Kule Uingereza gari la Lotus Seven lilianza kuuzwa mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande kwa kuwa hivyo waliepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Huku Marekani kampuni kama Factory Five Racing ya Massachusetts huuza vipande vya gari linalofanana na Cobra ya miaka ya 1960, na mnunuzi hutoa injini na vitu vingine kwenye Ford Mustang ya zamani. Letu ni la ukoo huo. Usukani na shafti yake vimetoka kwenye Mustang ya mwaka 1988.

Shida ilikuwa ukubwa. Usukani wa Mustang ulikuwa na inchi 15 kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani ya gari dogo lililo chini kama lile ulikaa kama sinia la pilau juu ya stuli. Baba watoto ni mtu mrefu. Akiingia, magoti yanagusa sinia. Akikata kona, vidole vinagonga paja. Wakaamua kununua mdogo, wa inchi 13.

Hapa tusimame kwenye neno lenyewe. Wengi wenu mnasema "stelingi", na si kosa, hata mafundi wa nyumbani wanasema hivyo. Lakini usukani ni neno la baharini. Tumelipata kwa Waarabu, sukkan, yaani ule ubao wa nyuma ya chombo unaokielekeza majini. Mimi nimekulia Tanga, na kwa wavuvi wetu usukani haukuwa duara hata kidogo. Ulikuwa ubao, na juu yake mkono wa mti unaoitwa kana. Magari yalipofika pwani, watu hawakuhangaika kutafuta neno jipya. Kinachoelekeza jahazi na kinachoelekeza lori kikapewa jina moja. Na leo ukisoma magazeti ya michezo utakuta timu "imeshika usukani wa ligi", ingawa hakuna gari wala jahazi uwanjani.

Kumbukeni pia ngeli: usukani umenyooka, sukani zimenyooka. Nasikia sana "usukani imenyooka". Nati ndiyo imelegea. Gari ndilo limeondoka.

Sasa swali ambalo kijana aliniuliza, nami nikamjibu kwa kana. Kwa nini usukani mdogo ni mzito? Kwenye dau, ukishika kana kwenye ncha yake ya mbali, chombo kinageuka kwa nguvu kidogo. Ukisogea ukaishika karibu na ubao, utahema. Usukani wa gari ni hivyo hivyo: umbali kutoka katikati hadi mkono wako ndio kana yako. Kwenye usukani wa inchi 15 umbali huo ni inchi 7.5, na kwenye wa inchi 13 ni 6.5. Kazi iliyotaka mkono usukume kwa paundi 10 sasa inataka kama paundi 11 na nusu. Faida yake ni kwamba mkono unasafiri kidogo: mzunguko mmoja kamili ulikuwa inchi 47 hivi, sasa ni kama 41, ndiyo maana gari linaonekana jepesi wa kutii. Mnaopenda hesabu, jaribuni na usukani wa basi.

Magari ya zamani yalikuwa na sukani kubwa kwa sababu hiyo hiyo; mikono ya dereva ndiyo iliyofanya kazi yote. Msaada wa mashine uliingia kwenye gari la kuuzwa madukani mwaka 1951, kwenye Chrysler Imperial. Gari letu halina msaada huo, kwa hiyo kuliegesha mahali pa finyu ni mazoezi tosha.

Kabla hatujashika spana, nivue ualimu kidogo nivae uuguzi. Wavulana, na wasichana mnaopenda magari, nisikilizeni vizuri. Usukani wa gari la mama yako au baba yako una mfuko wa hewa ndani yake. Sheria ya Marekani inataka kila gari dogo jipya, kuanzia modeli ya 1998, liwe na mifuko hiyo mbele, kwa dereva na kwa abiria. Mfuko hujaa kwa muda usiofika sehemu moja ya 20 ya sekunde. Ni mlipuko, si puto la sherehe, ndiyo maana dereva anashauriwa kifua chake kiwe angalau inchi 10 kutoka kwenye usukani. Ukiuchokonoa kwa bisibisi unaweza kukulipukia usoni. Na ukiuondoa ili uweke usukani wa kupendeza, umemwondolea dereva kitu kilichowekwa kwa ajili ya kifua chake. Nimeona vifua vilivyogongwa na usukani. Huo usukani, msiuguse.

Mustang ile ya 1988 haikuwa na mfuko wa hewa. Ilichokuwa nacho ni shafti inayojikunja gari likigonga, kitu ambacho magari madogo ya Marekani yalilazimishwa kuwa nacho tangu mwaka 1968. Kabla ya hapo shafti ilikuwa kama mkuki ulioelekezwa kifuani mwa dereva. Kwa hiyo nilisimama kidete: usukani badilisheni, lakini shafti hiyo na mikanda vinabaki. Hapo nilishinda.

Basi kazi ikaanza, nami nilikaa kwenye ndoo nikiandika vitenzi. Sikilizeni jinsi vilivyokuja. Waya hasi wa betri ulichomolewa kwanza. Magurudumu ya mbele yakanyooshwa. Kifuniko cha honi kikabanduliwa, na chini yake kulikuwa na nati moja kubwa. Nati ililegezwa. Haikutolewa. Baba watoto aliiacha ishikilie kwa mizunguko miwili mitatu, kwa sababu usukani uliokaa mahali pamoja zaidi ya miaka 30 hung'oka ghafla, na anayeuvuta asipokuwa na nati ya kuuzuia huupokea kwa meno. Wakati wa kulegeza, kijana aliushikilia usukani kwa mikono miwili; kufuli ya usukani haikuwekwa kwa kazi ya kupambana na spana ndefu, na inaweza kuvunjika. Wakaweka alama ya chaki kwenye shafti na usukani, ndipo wakaung'oa.

Usukani mpya haukai moja kwa moja kwenye shafti. Katikati kuna kipande cha chuma, sisi nyumbani tunakiita kitovu. Upande mmoja kina meno madogo yanayoingia kwenye meno ya shafti. Upande wa pili kina matundu sita ya kufungia usukani. Hapo walipoteza wiki nzima. Kitovu walichonunua kilikuwa na matundu yaliyopangwa kwenye duara la milimita 70, kama ya Momo, na usukani ulikuwa wa milimita 74, kama ya Nardi, wote wawili watengenezaji wa Italia. Milimita nne tu, lakini boliti haijui neno "tu". Ikabidi kirudishwe na kije kingine.

Kilipofika, kitovu kiliingizwa, nati ikakazwa kwa spana ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, na usukani ukafungwa kwa boliti zake sita. Wakauzungusha hadi mwisho kulia na mwisho kushoto kuona kama waya wa honi unavutika. Wakaangalia kama taa za kukatia kona zinajizima zenyewe usukani ukirudi, na kama saa ya mwendo inaonekana. Kwenye usukani mdogo ukingo unaweza kuiziba. Magoti ya baba yakapita. Furaha tele.

Jumamosi jioni wakalizungusha mtaani. Wakarudi na lalamiko moja: gari likienda moja kwa moja, usukani ulikuwa umepinda kidogo kushoto. Baba watoto akasema watautazama kesho, akaingia kuoga.

Kijana hakusubiri kesho. Akabandua kifuniko cha honi, akaitoa nati, akavuta kitovu, akakizungusha jino moja, akakirudisha kwa kukisukuma kwa kiganja. Ukakaa sawa kabisa. Wakati huo huo mimi nikamwita, kwa sababu ugali ulikuwa unapoa. Nati akaiweka kwenye kopo la kahawa juu ya benchi, na kifuniko cha honi akakirudisha mahali pake kisije kikapotea. Akaja kula.

Jumapili asubuhi, baba akifunga viatu, akamuuliza, "Vipi usukani, bado umepinda?"

"Hapana baba. Umenyooka."

Jibu zuri, ngeli sahihi, Kiswahili safi. Ningempa alama zote. Na lilikuwa la kweli.

Baba watoto akaingia garini, akawasha, akaanza kurudi nyuma taratibu kutoka gerejini. Alipofika njia ya kuingilia, akaushika usukani kwa nguvu ili ajiinue kidogo atazame nyuma. Usukani uking'oka. Akabaki ameketi, ameushika mkononi kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula, na gari linaendelea kurudi. Breki zilikuwepo, Mungu ni mwema. Lilisimama juu ya majani ya jirani, na sanduku la barua likapona kwa shibiri moja. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Dakika tano baadaye angekuwa Radio Drive, na hapo nisingekuwa naandika kwa utani.

Nilitoka mbio na taulo la jikoni begani. Baba mtu hakupiga kelele, nampongeza kwa hilo. Alikwenda kwenye benchi, akatazama ndani ya kopo, akaiona nati. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona hukuniambia uliitoa nati?"

"Hukuniuliza nati, baba. Uliniuliza usukani."

Sasa wanafunzi, vueni makoti, somo ndilo hili.

Umenyooka inaeleza hali ya usukani. Hakuna mtu ndani ya neno hilo. Nimeunyoosha ina mtu ndani yake, na mtu huyo ana mikono. Kijana angesema "Nimeunyoosha, baba", naamini kabisa baba yake angeuliza papo hapo, "Umeunyooshaje?" Na kunyoosha kwenyewe kungeileta nati mezani. Tofauti ni -ka na -sha.

Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa jozi hizi, na zinakwenda kwa njia mbili. Kuna vitenzi ambavyo mzizi wake wa kawaida unaeleza kinachotokea chenyewe, na ukitaka kumleta mtendaji unabadilisha mwisho: zunguka na zungusha, anguka na angusha, amka na amsha, nyooka na nyoosha. Jamaa zao ni legea na legeza, potea na poteza, geuka na geuza, ingia na ingiza. Kisha kuna vile vya njia ya pili, ambavyo mtendaji ndiye wa kwanza, na ukitaka kumwondoa unaongeza -ka: vunja na vunjika, mwaga na mwagika, fungua na funguka, chomoa na chomoka, ng'oa na ng'oka. Muuguzi anasema jino limeng'oka. Daktari wa meno amling'oa. Mgonjwa akiwa hana nguvu tunasema mwili umelegea, kitenzi kile kile cha nati.

Msidhani -ka ni mbaya. Mara nyingine kweli hakuna mtu. Usiku wa Januari hapa Minnesota bomba linapasuka lenyewe kwa baridi, na hapo "limepasuka" ndilo neno la haki. Kosa ni kuitumia -ka kama pazia.

Nilipoanza kazi ya uuguzi nyumbani, nilikuwa binti mdogo niliyetoka kidato cha nne. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mama mmoja mkali wa maneno. Unakuja asubuhi kukabidhi zamu, unasema, "Dripu ya kitanda cha tatu imechomoka." Anakutazama. "Imechomoka, au umeichomoa?" Nilidhani anatafuta wa kumwadhibu. Baadaye nikaelewa: kama imechomoka, anayeingia zamu akatazame mgonjwa anageukaje kitandani na plasta imeshika vipi. Kama imechomolewa, anataka kujua nani, saa ngapi, na kwa sababu gani. Mambo mawili tofauti, na mgonjwa ni mmoja.

Wazazi wenzangu, hapa nina neno na sisi. Sote tumesikia "glasi imevunjika", kana kwamba glasi iliamka asubuhi ikaamua. Tunacheka. Lakini tujiulize tunavyopokea lile jibu la pili. Mtoto anayesema "nimevunja glasi, mama" akapata kofi na hotuba ya nusu saa, kesho atachagua -ika, na atakuwa amejifunza sarufi yake kutoka kwetu. Wengi wetu pia tunawauliza watoto Kiswahili cha amri tu: njoo, kula, lala, zima. Kwa Kiswahili hicho mtoto atajibu ndiyo na hapana. Mpe kazi ya mikono, iwe kukata vitunguu au kushika tochi gerejini, umwache asimulie alichofanya mwanzo hadi mwisho. Vitenzi vitamjia.

Gerejini kwetu sasa kuna karatasi ukutani, mfano wa chati ya kitandani. Kila anayelegeza kitu anaandika amelegeza nini, na anaweka jina. Akikikaza, anakata mstari. Mstari wa kwanza kabisa uliandikwa na kijana, kwa Kiswahili: Nimeikaza nati ya usukani. Chini yake baba yake ameandika: Nimeikagua.

Zoezi la Jumamosi ijayo. Wadogo, andikeni upya sentensi hizi mkimweka mtu ndani yake, mkianza na "nime-": Maziwa yamemwagika. Mlango umefunguka. Ufunguo umepotea. Mtoto ameamka. Boliti imelegea. Wakubwa, fanyeni hizo hizo, kisha kwa kila moja andikeni swali ambalo baba au mama angeuliza baada ya kusikia jibu lako. Halafu kila mtu afanye kazi moja ya mikono na mzazi nyumbani, mbali na mfuko wa hewa, na aje atusimulie kwa dakika mbili. Mwenye kutaka kuuona usukani, baba watoto atakuja na gari siku ambayo barabara zitakuwa kavu.